Mwandishi Hajibu

Mlioniacha wiki iliyopita nimeshika ufagio mlangoni mwa ukumbi, nasita kuingia, ingieni nami. Ufagio nimeshauweka chini.

Kwa aliyechelewa nitasema kwa kifupi. Mimi ni mhudumu wa ukumbi. Nafagia, nafuta viti, nafungua madirisha, nachemsha maji ya chai. Wananiita Bibi Viti. Shule niliishia darasa la nne, tena hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri, watu huja kusoma michezo mipya ya waandishi wa hapa hapa kwetu. Miaka mitano niliwasikiliza nikiwa nyuma ya mlango wa stoo. Mwaka wa sita nikanunua daftari.

Na mlishajua lile nililolificha kwa miaka kumi na minne. Yule niliyewaambia watu ni kitindamimba wangu, mtoto wa uzeeni, sikumzaa mimi. Alimzaa binti yangu akiwa na miaka kumi na saba, bado yumo shuleni. Mtoto akakua ananiita mimi mama, na mama yake anamwita dada. Alipotimiza miaka minane, binti yangu alikuja na begi tupu, akalijaza nguo za mtoto, wakaondoka wote wawili. Ni miaka sita sasa. Hata salamu sijaletewa.

Msomaji mmoja alimwandikia mhariri akiuliza mbona katika sehemu zote hizi sijalia hata mara moja. Mwanangu, kulia nako kunataka mtu wa kukuuliza una nini.

Haya. Jumamosi ile ilikuwa zamu yangu. Mchezo uliosomwa ulikuwa wangu, na jina lake "Mtoto wa Uzeeni".

Asubuhi nilikunywa chai nimesimama. Meza ya watu wanne ukiikalia peke yako inakusuta.

Saa nne nilikuwa nimeshafika ukumbini. Ukumbi wetu si wa mapazia. Ni chumba kirefu cha sakafu ya saruji, madirisha sita, stoo nyuma. Siku ya kusoma hakuna anayevaa mavazi ya mchezo wala kupakwa rangi. Wasomaji wanakaa mbele kwenye viti, kila mmoja na karatasi zake, wanasoma. Mmoja kazi yake ni kusoma maelekezo tu: mama anainuka, mama anafunga mlango. Hapo mwandishi anausikia mchezo wake vinywani mwa watu wengine, apate kujua panapovuja.

Nilifuta viti sitini. Nikavipanga, nikavipangua, nikavipanga tena.

Msimamizi wetu tunamwita Kengele, kwa ajili ya ile kengele ndogo ya mezani anayoigonga mtu akizidisha maneno. Siku za kazi ana kiduka cha kuchapa barua za watu kwenye kompyuta. Ndiye aliyenichapia daftari langu. Alikuja na karatasi zake za kubandika kwenye safu ya mbele, zile zilizoandikwa "Ndugu wa mwandishi".

"Bibi, nikuwekee viti vingapi vya ndugu?"

"Usiweke."

"Hata kimoja?"

"Viti vyote ni vyangu. Nani mwingine anavifuta?"

Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akazikunja zile karatasi akatia mfukoni bila kunitazama. Ni mtu mwema yule, ila huruma yake ina kelele hata akinyamaza.

"Kanuni unaikumbuka?" akaniuliza.

Ningeisahau vipi? Kanuni ni hii. Mchezo ukishasomwa, watu wanasema yaliyo moyoni mwao, na mwandishi anakaa kwenye kiti peke yake pale ukutani, uso umeelekea watu, anasikiliza. Hajibu. Akisifiwa hajibu, akitukanwa hajibu. Mwishoni kabisa anaruhusiwa kuuliza swali moja, moja tu, basi. Kengele husema mchezo ukihitaji mwandishi ausemee, bado haujaiva. Nimeshaona mwanamume mzima akiuma kofia yake nusu saa nzima asijibu.

Wasomaji wangu walikuwa watatu. Fundi cherehani wa mtaa wa nyuma alisoma mama. Muuguzi wa wodi ya wazazi, msichana mwembamba mwenye sauti ya kuamka asubuhi, alisoma binti, na yale machache ya watu wengine wakagawana. Karani mstaafu wa mahakama alisoma maelekezo.

Fundi cherehani alifika wa kwanza, tepu yake bado shingoni.

"Bibi, huyu mama yako jana nilimsoma nikamchukia. Leo nimemsoma nikamwonea huruma. Sasa nimshike wapi?"

"Mshike mkono. Usimshike koo."

"Na huyo mume? Mchezo mzima ana neno moja tu."

"Hata nyumbani alikuwa nalo hilo hilo."

Akacheka hadi tepu ikaanguka. Lakini muuguzi hakucheka. Alikuwa ameshika ukurasa wa kumi na tisa mkononi, amekunja uso kama mtu anayesoma kipimo cha homa.

"Bibi, hapa ndipo panaponishinda. Binti ametoka kujifungua sasa hivi. Mama anamchukua mtoto. Binti anasema, 'Mama, mchukue wewe, mimi niache nisome.' Ni mtu wa wapi huyu? Mimi wodini nawaona kila siku, wadogo kuliko huyu. Hakuna anayesema hivyo mtoto hata hajakauka."

"Soma kama ilivyoandikwa, mwanangu."

"Nitasoma. Ila mdomo unakataa."

Sasa naungama, maana ndicho nilichowaitia.

Mstari ule haukuwamo daftarini. Daftarini, mahali pale palikuwa patupu. Mama anasema, "Kuanzia leo huyu ni wangu." Chini yake sikuandika kitu, niliruka mistari mitatu nikaendelea. Kengele alipofika hapo akasimamisha vidole.

"Bibi, hapa binti anasema nini?"

"Hasemi."

"Haiwezekani. Mtu anachukuliwa mwanawe asiseme? Watu watamwona mama ni jambazi. Mpe binti neno."

Mteja mwingine alikuwa anasubiri nyuma yangu, anagongesha ufunguo kwenye meza. Ningeweza kumwambia Kengele aache shimo hapo, au anirudishie daftari langu nikae nalo wiki nyingine. Badala yake nikasema, "Andika: Mama, mchukue wewe, mimi niache nisome."

Akachapa. Akafurahi. "Umeona? Sasa mama anapumua."

Na kweli, nilipumua. Maneno sita tu, na mzigo wote ukashuka kichwani kwangu ukaenda kukaa kichwani mwa mtoto wa miaka kumi na saba. Nilirudi nyumbani nikalala usingizi mzuri. Hilo ndilo linaloniaibisha zaidi, ule usingizi.

Saa tisa na robo walikuwa wameshafika watu kama arobaini. Kengele akagonga kengele. Nikaenda kukaa kwenye kiti cha ukutani. Ukikaa pale unaona nyuso zote, na hakuna bega hata moja karibu yako.

Karani akaanza. "Sebuleni. Mama anatazama tumbo la binti yake. Anaondoka bila kusema."

Mtu yule alisoma hukumu za watu miaka thelathini, na sauti haikustaafu naye. Nikajiona niko kizimbani.

Lakini watu wanapenda kucheka, na mimi nilikuwa nimewapa. Kuna pale ambapo mama anajifunga mashuka tumboni ili majirani wadhani ni yeye mjamzito. Anajisahau, anayafunga vibaya, anakwenda sokoni, muuza nyanya anamwambia, "Mama, mimba yako imehamia kiunoni." Ukumbi ukapasuka. Halafu baba anaulizwa anaonaje, naye anajibu, "Hayo mambo ya wanawake." Karani anamalizia: "Baba anafungua redio." Mzee mmoja wa miwani alijipiga paja.

Nami nikacheka. Nilijishtukia. Nyumbani nikicheka huwa natazama nyuma, kana kwamba aliyecheka ni mtu mwingine.

Wakati bado wanacheka, mlango wa nyuma ukafunguliwa.

Nilimjua kwa jinsi alivyoufunga. Aliufunga kwa mgongo, taratibu, kitasa amekishika nyuma, vile vile alivyokuwa akifanya usichana wake akichelewa kurudi. Binti yangu. Amenenepa kidogo, amevaa miwani. Na mbele yake msichana mrefu, mwenye sweta la shule, ameshampita bega.

Msichana alikuwa ananitafuta kwa macho. Aliponipata akainua mkono, usawa wa kifua tu, akanipungia.

Nikaanza kuinuka. Kengele akaweka kidole juu ya kengele na kunitazama. Mwandishi hatembei watu wakisoma. Nikakaa.

Wakakaa safu ya mwisho. Nami pale ukutani nikajipigia hesabu yangu. Nilisema: mtoto ana miaka kumi na minne. Mama yake alishamweleza kila kitu, kitambo, siku ile ile walipoondoka. Anajua mimi ni nani, anajua nilichofanya, na bado amenipungia mkono. Basi nimesamehewa. Wamekuja kuniambia.

Furaha ya mtu mpweke ni kama maziwa motoni, ukigeuza uso tu yameshafurika.

Nikasahau ukurasa wa kumi na tisa. Wenyewe haukunisahau.

"Chumba cha kujifungulia," karani akasoma. "Mama anamchukua mtoto kutoka mikononi mwa mkunga."

"Kuanzia leo huyu ni wangu," fundi cherehani akasoma, kwa sauti ya chini kuliko nilivyoitaka.

Muuguzi akasita. Kisha akausoma haraka, kama mtu anayechomoa mwiba. "Mama, mchukue wewe, mimi niache nisome."

Nyuma, kiti kikakwaruza sakafu.

Binti yangu alikuwa wima. Alikuwa amemshika mtoto kifundo cha mkono. Midomo yake niliisoma kutoka kule: twende. Mtoto akatikisa kichwa. Akavutwa tena, akatikisa tena, akashika kiti kwa mkono wa pili. Watu wawili wakageuka kuwatazama. Binti yangu akakaa, ukingoni mwa kiti, kama abiria anayeshuka kituo kinachofuata.

Nikadhani ni hasira ya ule mstari. Nusu nilipatia.

Wakasoma mpaka mwisho. Mtoto anakua, binti anarudi na begi, mtoto anachukuliwa. "Mama anabaki peke yake," karani akasema. "Anafuta meza ambayo haikuchafuka. Mwisho."

Watu wakapiga makofi. Kengele akasimama. "Ndugu zangu, sasa ni zamu yenu. Mwandishi yuko pale, anasikia, hajibu. Nani anaanza?"

Akaanza mzee wa miwani. "Mimi namsifu mama. Amebeba aibu ya mwanawe mgongoni, tena tumboni. Wazazi kama hao siku hizi hakuna."

"Na binti je?" akasema mama mmoja wa safu ya pili, mpishi wa shule. "Mimi huyo binti simtaki hata kumsikia. Kasema mwenyewe, mchukue, niache nisome. Mtoto kalelewa, kaogeshwa, kafunzwa adabu, miaka minane. Halafu anakuja na begi. Ana uso mkavu kama dagaa."

Watu wakacheka, wakaitikia kwa vichwa.

"Kamtupa mwenyewe," akasema mwingine.

"Kamtupa kabisa."

Kila aliyenisifu alikuwa anampiga mwanangu kofi, na mimi ndiye niliyewagawia mikono. Nikaangalia chini. Vidole vya miguu yangu vilikuwa vimekunjana ndani ya viatu.

Kengele akasema, "Naam, dada wa nyuma. Mwenye miwani."

Binti yangu akasimama. Sauti yake sikuwa nimeisikia kwa miaka sita, nami niliikumbuka nyembamba. Haikuwa nyembamba.

"Huyo binti hakusema maneno yale."

"Unamaanisha mtu wa namna ile asingesema?" Kengele akamuuliza.

"Namaanisha hakusema."

Mzee wa miwani akageuka. "Dada, huu ni mchezo. Mwandishi akisema kasema, kasema."

"Na akisema hakusema?"

"Basi hakusema."

"Raha iliyoje kushika kalamu, baba yangu."

Watu wakacheka, wakamwona ni mjuzi wa maneno. Muuguzi peke yake hakucheka. Aliweka karatasi zake mapajani. "Hata mimi nilimwambia Bibi," akasema polepole. "Mdomo ulikataa."

"Namwona mwandishi amenyamaza," binti yangu akaendelea. "Haina neno. Kunyamaza amezoea."

"Ni kanuni yetu, dada," Kengele akaingilia. "Mwandishi hajibu."

"Basi kanuni imepata mwenyewe."

Alikaa. Mimi nikabaki na ulimi wangu kati ya meno. Watu huniita mvumilivu. Sifa hiyo nimeivaa tangu utoto; nilivumilia mama wa kambo, nikavumilia mume wa redio, nikavumilia miaka sita ya simu isiyolia. Pale kwenye kiti niliona kwa mara ya kwanza kwamba nusu ya uvumilivu wangu ilikuwa ni woga ulioogeshwa na kuvishwa nguo safi.

Kengele akatazama saa. "Bibi, swali lako. Moja."

Swali nilikuwa nalo mfukoni, nimeliandika kwenye kipande cha karatasi: je, mchezo ni mrefu mno? Nililiacha mfukoni. Nikasimama.

"Swali langu ni la yule dada wa nyuma," nikasema. "Binti alisema nini?"

Walijua sasa kuna kitu, ila hawakujua ni nini. Fundi cherehani aliacha kukunja karatasi.

Binti yangu hakusimama safari hii. Alijibu amekaa, akiitazama sakafu ile niliyoipiga deki mimi asubuhi.

"Alisema, 'Mama, nipe nimshike.' Akasema mara mbili. Mama akamjibu, 'Ukimshika utamzoea.' Akatoka naye." Akavua miwani. "Hayo ndiyo ya kuandikwa ukurasa wa kumi na tisa."

Karani, kwa mazoea ya kazi yake, akachukua kalamu akayaandika pembeni.

Ni kweli, nyinyi mnaonisoma. Neno kwa neno. Mlikuwa mnangoja tangu sehemu ya kwanza niwaambie nilichosema siku ile, nami wiki baada ya wiki nawazungusha na mashuka na muuza nyanya. Ni hilo. Ukimshika utamzoea. Nilisema kama mtu anayemwambia mwingine asiguse chungu cha moto.

Nikakaa. Watu wakaanza kunong'onezana. Yule mpishi wa shule akamwambia jirani yake, "Kumbe," na hakuongeza.

Binti yangu aliinuka, akaja mbele kupitia pembeni ya madirisha. Akachuchumaa karibu na kiti changu, nikasikia harufu ya sabuni yake. Ni ile ile ninayotumia mimi.

"Mama."

Miaka sita nililingoja neno hilo. Lilikuja bila kunitazama.

"Umefanya nini, mama?"

"Nimesema uongo. Nimeuliza, umenijibu. Ukitaka niseme mbele ya wote kwamba ni mimi, nitasema."

"Sizungumzii mstari. Mtoto hajui."

"Hajui nini?"

"Chochote. Sikumwambia."

Nilimtazama nikidhani ananitania. "Miaka sita?"

"Kila jioni nilisema kesho. Nilifunzwa na nani?"

Swali hilo nililiruka, kama ile mistari mitatu ya daftarini.

"Siku ile mlipoondoka ulimwambia nini basi? Aliuliza mbona mama haji?"

Akaivaa miwani yake, akaivua tena. "Nilimwambia mama amechoka kulea. Sasa utakaa na dada."

Hapo ndipo nilipopigwa. Nilidhani anajua nilimwiba, kumbe alichojua ni kwamba nilimchoka. Miaka sita mtoto yule analala akijua ana mama aliyemchoka, na leo ameingia mlangoni akanipungia mkono.

"Mmekujaje hapa?" nikauliza.

"Aliona picha yako kwenye tangazo pale maktaba. Wiki nzima hanipi usingizi. Dada, twende tukamwone mama. Dada, mama ameandika mchezo. Nikaona nimpeleke mara moja. Nilidhani ni wa kuchekesha tu, utajisifia mtoto wako wa uzeeni kama ulivyozoea, tutapiga makofi, tutatoka."

"Labda hakuelewa. Mmekuja katikati."

"Tulikuwa nje ya mlango tangu ukiwa na mashuka tumboni. Ana miaka kumi na minne, mama. Anajua kuhesabu."

Nikainua macho kutazama safu ya mwisho. Mtoto alikuwa amekaa wima, mikono mapajani. Hakuwa analia. Alikuwa anatutazama sisi wawili, mmoja, kisha mwingine, kama mtu anayelinganisha vitambaa viwili kama ni vya jora moja.

Halafu akainua mkono.

Nilimwomba Mungu Kengele asiuone. Kengele anaona hata nzi akitaka kuchangia.

"Kuna mkono nyuma," akasema, na akagonga kengele kidogo watu wanyamaze. "Binti wa sweta. Wewe ndiye wa mwisho, kisha tufunge. Sema, usiogope."

Akasimama. Alikuwa mrefu kweli. Nilimwacha anafika kiunoni kwangu.

"Nina swali."

"Uliza. Ila mwandishi hatakujibu, atakwenda nalo nyumbani."

"Nimeisikia kanuni."

Binti yangu alikuwa bado amechuchumaa karibu yangu. Mkono wake ulishika mguu wa kiti changu.

"Ni kuhusu yule mtoto," akasema. "Mama anasema. Dada yake anasema. Muuza nyanya anasema. Hata baba mwenye redio anasema. Mtoto anabebwa, analazwa, anavalishwa, anapita akikimbia, nguo zake zinatiwa begini. Nimengoja aseme. Hana neno hata moja. Kwa nini?"

Hakuna aliyecheka. Karani akarudi kwenye karatasi zake, akapekua mbele, akapekua nyuma, kwa kidole, ukurasa hadi ukurasa. Tulimngoja.

"Ni kweli," akasema. "Hana."

Miaka yote hii nimesikiliza watu wakikosoa michezo pale ukumbini, na wengine walisoma hadi vyuo vikuu. Sijapata kusikia mtu akiutia mchezo kidole pale pale unapovuja kama alivyofanya mtoto yule. Daftari zima nililijaza peke yangu jikoni, nikampa neno kila mtu niliyemkumbuka, hata aliyeniuzia nyanya, na kichwani mwangu sikuwahi kuona kwamba yeye naye ana mdomo.

Nikasimama.

"Bibi," Kengele akasema, kidole kiko juu ya kengele. "Kanuni."

"Zote nimezitii, mwanangu. Hii niache."

Hakuigonga. Nikafungua kinywa. Neno la kwanza lilikuwa limeshafika, nalijua, lilikuwa ni lile nililopaswa kulisema kabla hajaweza kutambaa. Ndipo nikasikia mkono begani, mzito, unanirudisha chini.

"Kaa, mama," binti yangu akasema. "Hili si lako peke yako. Nitamjibu mimi."

Nikakaa. Yeye akasimama mbele ya watu wale wote waliosema ana uso mkavu, akavuta pumzi ya kesho zake zote za miaka sita.

Mtoto alikuwa ameshatoka kwenye safu yake. Alikuwa anakuja mbele, katikati ya viti, bila haraka, na watu walikuwa wanavuta miguu kumpisha.

"Na wewe kaa, dada," akasema.